Misumari Mitatu ya Mlango wa Boila

Kitanzini, Iringa
2 Juni 2024

Mume wangu mdogo Faraji,

Salaam. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamikia baridi. Naima, binti wa baba yako mdogo, hajambo. Nakaa naye hapa, anajifunza cherehani na kunimalizia sukari.

Didas, konda wa basi, atakuletea boksi. Juu nimeandika MAYAI ili wasilitupe. Ndani ni ile meli ya mbao aliyoichonga marehemu babu yako, ile uliyokuwa ukiiburuza uani kwa kamba mpaka ukaing'oa bomba la moshi. Wewe ni fundi wa redio na simu, basi nakupa kazi. Nataka taa ziwake madirishani. Na nataka uizeeshe. Usinipakie rangi mpya! Iwe kama ile meli ya moshi niliyoipanda mwaka 1973 nilipotolewa Ujiji na shangazi yangu kuja kuolewa: ina kutu, ina masizi, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Kwa jambo hili usinipigie simu. Sikio la kushoto limestaafu, la kulia linafanya kazi nusu siku. Niandikie. Barua naisoma mara mbili.

Bibi yako,
Zuena

*

Ilomba, Mbeya
7 Juni 2024

Kwa mke wangu wa kwanza na wa pekee (kwa sasa), Bibi Zuena,

Shikamoo. Mayai yamefika, hakuna lililovunjika.

Umepeleka kazi panapotakiwa. Hapa Ilomba ukiuliza fundi ni nani, hata mbuzi watakuonyesha kibanda changu kwa mkia. Waliomaliza kidato cha nne na vyeti vyao kwenye fremu wananiletea mimi chaja zao. Mimi niliyeruka ukuta kidato cha pili ndiye ninayezifufua. Sasa nani kasoma? Usijibu, najua utampendelea mwalimu mkuu.

Sikiliza mpango. Taa za madirishani nimezitoa kwenye tochi zilizokufa, nimezivika karatasi ya pipi ya chungwa ili mwanga uwe wa kizamani. Nyaya ni za earphone, nyembamba kama nywele zako. Betri itakaa tumboni, swichi chini. Kuhusu kuizeesha: nimeloweka stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye siki siku tatu. Maji yake ukiyapaka kwenye mbao mpya, kesho yake inakuwa na rangi ya kijivu kama imenyeshewa miaka hamsini. Masizi nitatumia mkaa wa kusaga. Kutu nimekwangua kutoka kwenye bati la choo cha mwenye nyumba, kutu halisi, siyo ya kuigiza.

Halafu nikapitisha msasa ubavuni kidogo tu, nikakuta rangi juu ya rangi. Kijani, chini yake buluu, chini yake maziwa, chini yake ile pinki mbaya. Nikashtuka. Hizi ni rangi za nyumba yako! Kumbe kila Idd babu akipaka nyumba, inayobaki kwenye kopo anaipaka meli. Basi sitaficha hata moja. Nitazibandua kwa ngazi ili zote zionekane. Mwingine asingeweza kuona hilo. Mimi nimeona.

Swali moja. Kule nyuma kuna mlango wa boila, mdogo kama kucha ya dole gumba. Umegongelewa misumari mitatu. Bibi, meli nzima haina msumari mwingine! Babu alikuwa akiunga mbao kwa gundi na vijiti, anawacheka wanaotumia misumari. Sasa mlango ambao hata panzi hapiti, misumari mitatu ya nini? Niing'oe niweke moto ndani? Ninayo taa ya mshumaa wa betri, ile inayotetemeka yenyewe. Itakuwa noma.

Mumeo mwenye akili,
Faraji

*

Kitanzini, Iringa
15 Juni 2024

Mume wangu mdogo,

Nimecheka mpaka Naima akaja kunichungulia. Habari ya siki na stilwaya sikuielewa, lakini Mzee Isihaka ameielewa. Mzee Isihaka ni fundi saa, ana meza yake karibu na soko. Alikuja kutengeneza saa ya ukutani, ile iliyosimama tangu msiba wa babu yako.

Anasema taa ya ubavuni mwa meli, upande wa kushoto ni nyekundu na wa kulia ni kijani, ukiwa umesimama ndani umetazama mbele. Mzee Isihaka anasema tena kutu haikai ovyo. Inaanzia penye chuma, inashuka chini kama machozi. Na nyaya, Mzee Isihaka anasema, zipitishe ndani ya bomba la moshi zisionekane.

Saa sasa inatembea. Ina kelele kidogo, lakini nimeizoea.

Mlango wa boila uache ulivyo. Nitakueleza siku nyingine. Vaa sweta.

Bibi yako,
Zuena

Nimesahau: Mzee Isihaka anakusalimu.

*

Ilomba, Mbeya
20 Juni 2024

Bibi Zuena,

Shikamoo ya juu juu.

Katika barua yako ya ukurasa mmoja, jina Isihaka limetokea mara tano. Nimehesabu kwa kalamu nyekundu. Jina langu limetokea mara moja, tena kwenye bahasha, kwa sababu Didas asingejua ampe nani.

Kwanza, ile saa. Ile saa nilisema nitaitengeneza mimi! Sawa, nilisema miaka mitatu iliyopita, lakini nilikuwa natafuta nafasi. Mume akisema atatengeneza, anasubiriwa, haitwi mwanaume wa sokoni. Pili, fundi saa mwaka huu wa 2024? Watu wanaangalia saa kwenye simu. Huyo mzee anatengeneza saa za nani, za wafu?

Ana meno mangapi? Ana shati ngapi? Alikuja mara moja au anakujakuja? Na akija anakaa wapi? Nauliza hivyo kwa sababu kile kiti cha mninga chenye mikono, cha babu, kinajulikana. Hata mimi nikija Idd nakaa mkekani. Siku nilipokikalia nikiwa na miaka tisa uliniondoa kwa mwiko. Alama bado ninayo, nikitaka naweza kukuonyesha.

Nyaya nilikuwa nimeshazipitisha ndani ya bomba kabla yake. Mwambie hivyo. Mwambie neno kwa neno. Na taa nyekundu nimeiweka kulia. Meli iko mikononi mwangu na kulia ni kwangu, atakayeona vibaya afumbe macho.

Kazi inaendelea vizuri sana bila ushauri wa mtu.

Faraji

*

Iringa, 23 Juni

Kaka Faraji,

Naandika haraka, Bibi anaswali Alasiri na leo kaamua kuongeza sunna.

Anakuja kila Jumatano. Anavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Anakaa kiti cha babu. Usimlaumu, hakukifuata; Bibi ndiye aliyekisogeza, akakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mawe yote nimeyaacha humo kwa kushangaa.

Kaka, amemposa. Kwa adabu kabisa. Bibi akaitazama ile saa yake ukutani. Halafu akamwambia hivi: "Siku meli ya marehemu mume wangu Shamsudin itakapowaka hapa mezani, nitakujibu."

Kwa hiyo wewe na msasa wako ndio mnasubiriwa. Usiseme nimekwambia. Ukiwa na earphone ambayo hujaikata, nitumie.

Naima

*

Iringa, 26 Juni 2024

Kijana wangu Faraji,

Assalaam alaikum. Hatujaonana, ila bibi yako anakutaja sana, hata pale ninapokuwa nimeuliza jambo jingine.

Nimesikia taa nyekundu umeiweka kulia. Bila shaka uliitazama meli ukiwa mbele yake, na ukiwa mbele kulia kwako ni kushoto kwake. Kosa hilo hata mimi nimelifanya. Niliwahi kuifunga saa ya mtu akrabu zikatembea kinyumenyume, akanisifu kuwa nimemrudishia ujana.

Nakuletea kibano changu cha kushikia vitu vidogo. Nimekitumia miaka thelathini na moja. Siku hizi mikono yangu inatetemeka, kwako kitafaa zaidi kuliko kwangu. Hakina haja ya kurudi.

Wako,
Isihaka

*

Ilomba, Mbeya
1 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo.

Meli imeungua. Niliacha chuma cha kulehemia kikiwa cha moto juu ya meza, nikatoka kununua vocha. Niliporudi ilikuwa imeshika moto. Mbao ilikuwa kavu. Imeisha yote.

Naomba unisamehe. Mwambie na huyo mzee kwamba hakuna meli tena, asisubiri.

Faraji

*

Kitanzini, Iringa
8 Julai 2024

Mjukuu wangu Faraji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu mara ya tatu. Haina utani hata chembe, ndipo nikajua msiba ni wa kweli. Wewe mkono haukuungua? Hukusema. Ukiungua paka asali, usipake dawa ya meno.

Nilikuahidi habari ya mlango wa boila. Sasa hakuna mlango, nitakueleza.

Babu yako hakuwahi kupanda meli, wala hakuwahi kuliona ziwa. Alikuwa seremala wa hapa hapa nyanda za juu. Mimi nililetwa, yeye akanipokea Mbeya nikishuka kwenye lori la Sumbawanga na vumbi mpaka kwenye kope. Jioni za mwanzo tulikuwa hatujazoeana, hatujui tuongee nini, basi nikawa namsimulia ile meli. Madirisha mangapi, ngazi iko wapi, moshi unaelekea wapi. Anapenda, anauliza. Siku moja nikamsimulia kwamba siku ya pili ya safari niliugua, natapika, shangazi kalala. Nikashuka chini kutafuta joto. Kulikuwa na kijana anayechochea moto wa boila. Alifungua ule mlango, akaweka kikombe cha chuma karibu na moto, akanipa chai ya rangi yenye tangawizi. Akasema, "Kunywa, bi harusi, utafika." Basi. Nikanywa, nikapanda juu. Hata jina lake sikuuliza.

Babu yako hakusema kitu. Siku tatu hakusema kitu! Siku ya nne akaanza kuchonga. Alichonga mwaka mzima, kila nilichomsimulia kimo, hata ndoano ya kutundikia ndoo. Alipomaliza akaniita nione. Nikaona ile misumari mitatu. Nikamtazama, akatazama pembeni. Alikuwa anamfungia yule kijana ndani.

Miaka arobaini na mbili, Faraji, alimwonea wivu mtu asiyemjua hata jina, kwa kikombe kimoja cha chai. Kila Idd akiipaka rangi, mlango ule anaupaka mara mbili. Nilikuwa nacheka moyoni. Sikuwahi kumwomba aung'oe, kwa sababu babu yako hakunipa ushairi wala maua, alinipa misumari mitatu, na mimi niliielewa.

Mzee Isihaka amenitaka nimjibu neno. Nadhani unajua, kwa maana Naima kalamu yake haina kifuniko. Nilimwambia asubiri meli. Si kwa ajili ya urembo wa taa. Niliona si vizuri kumjibu mtu neno kama lile babu yako akiwa hayupo mezani. Sasa nimemwambia asije Jumatano. Meli haipo, na jibu halipo.

Nina ombi moja. Kwenye majivu, pekua. Misumari ni chuma, haiungui. Niletee ile mitatu.

Bibi yako,
Zuena

*

Ilomba, Mbeya
19 Julai 2024

Kwa mke wangu, Bibi Zuena,

Shikamoo. Shikamoo tena. Na ya tatu, uiweke akiba, utaihitaji kabla hujafika mwisho.

Haijaungua.

Soma tena hapo juu ukitaka, maana unasoma mara mbili. Haijaungua hata unyoya. Nilikudanganya. Ilikuwa chini ya kitanda changu, nimeifunika blanketi, na kila nikiingia chumbani naiona kama inanitazama.

Nilisema moyoni, isipofika mezani huyo mzee hatajibiwa, na asipojibiwa atachoka, na akichoka kiti kitabaki kitupu, na mimi nitabaki mume peke yangu. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa umepigwa msasa kila upande. Halafu ukaniandikia kuhusu asali, na ile misumari. Kuomba misumari tu! Nilifunga kibanda saa nne asubuhi. Wateja wamegonga, nimewaambia nina malaria.

Nikaitoa. Nikakaa nayo siku nne. Nikikuambia imekuwaje utasema najisifu, na kweli najisifu, nani atanisifu kama mimi nimenyamaza?

Kutu inashuka kutoka kwenye kila tundu la nanga kama machozi. Ndiyo, alisema hivyo yeye. Nilijaribu kuiweka kwa namna yangu, ikawa kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi. Rangi zenu zote zinaonekana, kijani cha mwaka ule, buluu, maziwa, mpaka ile pinki, na chini kabisa mbao yenyewe. Masizi yanaanza mdomoni mwa bomba na kulalia nyuma, kwa sababu ulisema moshi unaelekea nyuma. Pale kwenye ngazi nimelisugua pembe la hatua ya tatu kwa kitambaa na mafuta mpaka likang'aa, kana kwamba watu wengi wamekanyaga. Wewe ulikanyaga hapo ukishuka.

Nyekundu nimeihamishia kushoto. Sikuitazama meli kwa mbele, Bibi. Niliiweka kulia makusudi kabisa, na huyo mzee alijua, akanitafutia sababu ili nisione haya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mtu mbaya ningemweza.

Na kibano chake nimekitumia. Nilikuwa nimekitupa kwenye kopo la skrubu. Nikatafuta kibano kingine Ilomba nzima, vyote vina midomo minene kama koleo. Chake kinashika waya kama vidole vya mtoto. Kimechakaa pale dole gumba lake lilipokuwa likikaa, pana shimo dogo, na dole gumba langu limeingia humo humo. Sikupenda.

Sasa mlango.

Niliushikilia mlango ule siku nzima na koleo mkononi. Nikisema niing'oe, moto uonekane, Bibi afurahi. Nikisema nisiing'oe, ndani ni giza, na meli ya moshi isiyo na moto ni sanduku. Mara mbili koleo limegusa kichwa cha msumari. Lakini babu yule naye, Bibi! Siku tatu hasemi! Mimi nilipojua habari za kile kiti, sikula ugali siku mbili, nikadhani ni vidonda vya tumbo. Kumbe ni vya ukoo.

Basi sikuung'oa. Nimeingia kwa chini, nimetoboa tundu tumboni kwenye nafasi ya betri, nikapandisha ile taa inayotetemeka kwa kibano mpaka nyuma ya mlango. Misumari iko palepale, yote mitatu, rangi yake mara mbili sijaigusa. Nilifunika meli kwa blanketi mchana, nikaingiza kichwa, nikabonyeza swichi. Mlango umefungwa, lakini pembezoni, kwenye nyufa pande zote nne, moto unaonekana. Unatetemeka kweli kama kuna mtu ndani anachochea. Nilikaa humo mpaka jirani akaniuliza kama nafukizwa.

Didas ataibeba mapajani, nimemwapisha. Swichi iko chini upande wa nyuma. Betri ikiisha niite mimi. Mimi! Siyo mtu wa sokoni.

Faini ya uongo nitalipa, taja.

Mumeo mwenye haya kidogo,
Faraji

Na mwambie akija Jumatano akae stuli.

*

Kitanzini, Iringa
25 Julai 2024

Mume wangu mdogo Faraji,

Muongo wewe. Nimelia wiki moja bure, na machozi ya uzeeni ni ya kupimwa. Faini ni jogoo mmoja mzima, asiwe anachechemea, asiwe na mafua kama yule wa mwaka juzi.

Meli imefika. Niliiweka mezani, nikamwambia Naima afunge madirisha na kuteremsha pazia. Nilibonyeza mwenyewe. Sitakuandikia nilichohisi. Nilihesabu madirisha, yametimia. Ngazi, hatua ya tatu, niliipitisha kidole.

Jana ilikuwa Jumatano. Mzee Isihaka alikaa stuli, kwa sababu Naima alimsomea sentensi yako ya mwisho kwa sauti kubwa, mtoto hana adabu. Aliitazama meli muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Taa hakuzisema, wala kutu. Alisogea kwenye mlango wa boila akauliza, "Huu nikufungulie?" Nikamwambia hapana. Nikamweleza kisa chote, kikombe cha chai na yote. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akasema, "Basi na mimi nitamheshimu. Sitaugusa."

Hapo ndipo nilipomjibu. Angesema aung'oe, ningemjibu vingine.

Nikaha ni Ijumaa ya tarehe tisa Agosti, hapa hapa uani, watu wachache, pilau kidogo. Baba yako mdogo ameridhia. Ninayemwogopa ni wewe. Ameomba asiketi kwenye kiti cha babu yako siku ile, amesema si pake, na mimi nimeona amesema kweli. Kukisogeza nilikosea mimi. Lakini kiti hakiwezi kukaa kitupu mbele za wageni. Sasa umri wako umefika. Mwiko nimeuficha.

Uje na shati lenye kola.

Bibi yako,
Zuena

*

Ilomba, Mbeya
30 Julai 2024

Kwa mke wangu wa zamani,

Shikamoo.

Jogoo nimepata, ana hasira kama mimi, tunapatana. Shati nimeazima, kola ipo. Kibano nakuja nacho, nitamrudishia mwenyewe mkononi, na akikataa kukipokea nitabaki nacho bila kusema asante, aelewe.

Betri ibadilishe kabla watu hawajafika, nimempa Didas mbili mpya. Siku ile nataka meli iwake tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Iweke karibu na kiti, upande wa mlango wa boila unielekee mimi. Babu na mimi tutakuwa tunatazama.

Nakuja Alhamisi ya tarehe nane, siku moja kabla ya nikaha.

Faraji